Kabla Hujasema Ana Nyumba Ndogo: Namna ya Kumtambua Mume Asiye na Raha Nyumbani

Mume wangu ni Mnyakyusa wa Rungwe, mimi ni Mhehe wa Kihesa, Iringa, na nyumba yetu iko Uyole, Mbeya. Tangu tuoane, kila asubuhi ananisalimu "Ugonile", yaani umelalaje, nami namjibu "Kamwene", salamu ya kwetu isiyojibu swali lake hata kidogo. Ni utani wetu wa miaka. Mwanzoni mwa 2022 salamu hiyo ilikoma, na mimi sikugundua. Nilikuwa na kazi nyingine: kunusa mashati, kuhesabu dakika anazokaa nje na simu, kuwauliza watoto baba alipitia wapi. Kufikia mwezi wa tano nilikuwa nimeshamwambia wifi yangu kwamba kaka yake ana nyumba ndogo. Wifi naye akampelekea mama mkwe.

Nilikosea, na mbele nitaeleza nilivyokosea. Tangu hapo nimekaa na wanawake wengi, sokoni Mwanjelwa, kwenye vikao vya vikoba, kwenye misiba, na nimeona kosa langu ni la wengi. Tunatafuta kitu kipya ambacho mume ameanza kufanya, wakati mume asiye na raha hujulikana zaidi kwa kile alichoacha kufanya. Halafu tukishaona dalili tunakimbilia hukumu, kana kwamba kuona na kujua sababu ni kitu kimoja.

Mkulima yeyote wa huku anajua tofauti hiyo. Jani la mahindi likigeuka njano kuanzia ncha na kushuka katikati ya jani, mmea una njaa ya naitrojeni. Njano ikifuata kingo za jani, mara nyingi upungufu ni wa potasiamu. Na kama maji yametuama shambani, mahindi yatakuwa ya njano hata ukimwaga urea gunia zima. Bwana shamba makini hakimbilii mfuko wa mbolea. Anatazama jani, anang'oa mmea mmoja, anaangalia mizizi, anauliza mvua ilinyeshaje. Mwongozo huu unafuata njia hiyohiyo.

Anza na kalenda

Kabla ya kumsoma mume, soma mwezi. Nyanda za Juu Kusini tunaishi kwa msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza karibu na Novemba na kukata Aprili au Mei. Ikifika Desemba pesa yote ya nyumba imeshaingia ardhini: mbegu, mbolea ya kupandia, vibarua. Januari watoto wanataka sare, madaftari na michango ya shule. Februari na Machi ghala linapiga mwangwi, mahindi mapya bado mabichi, na shamba linadai mbolea ya kukuzia. Kwa upande wa Iringa na Njombe, huo ndio wakati mianzi inatoa ulanzi, kwa hiyo mwanaume mwenye mawazo anapata mahali pa kuyapeleka kwa bei ndogo.

Basi mume aliyenuna Februari na kuchangamka Agosti baada ya kuuza mahindi, huyo ugomvi wake ni na Februari. Usiuchukue ukaufanya wako.

Kila kazi ina Februari yake. Dereva wa lori anayekesha foleni ya Tunduma akirudi Mbeya anataka kulala siku mbili, na kulala si kukukimbia. Mfanyabiashara wa mbao Mafinga ana miezi ambayo magari hayapandi milimani kwa matope. Mkulima wa mpunga Mbarali ana wiki za maji ambazo hata jina la mtoto anaweza kulisahau. Kipimo chenyewe ni rahisi: jiulize mwezi kama huu mwaka jana alikuwaje. Kama alikuwa hivihivi, subiri. Kama mwaka jana, kwa shida zilezile, mlikuwa mkikaa jikoni mkizipanga pamoja, na mwaka huu anazibeba peke yake, hapo kuna jambo.

Dalili sita za kuangalia

Dalili moja haitoshi. Zikiwa tatu au zaidi, na zimedumu kupita msimu wake, zichukulie kwa uzito.

1. *Ameacha kulalamika.* Wanawake wengi hufurahia hii. Alikuwa akisema ugali mbichi, watoto wanapiga kelele, ndugu zako wanakaa sana. Sasa hasemi kitu, na wewe unasema mzee amekomaa. Anayelalamika bado anategemea kitu kibadilike. Aliyekata tamaa hana sababu ya kupoteza maneno. Ukimya unaoingia mahali pa malalamiko ni dalili nzito kuliko malalamiko yenyewe.

2. *"Yetu" imekuwa "yangu".* Sikiliza anavyotaja vitu. Wilayani Mufindi wanaume wanapanda miti ya mbao ambayo itavunwa baada ya miaka 15 au zaidi. Mwanaume anayesema "miti yetu ikikomaa tutamsomesha huyu" anajiona na wewe miaka 15 mbele. Siku shamba lilelile linapoitwa "miti yangu", na watoto wanakuwa "hawa watoto wako", ameshaanza kugawa nyumba kwa mdomo. Huenda hata mwenyewe hajajua.

3. *Anatoka bila kuaga, anarudi bila habari.* Kuchelewa peke yake hakusemi mengi. Tazama kama bado analeta habari: bei ya viazi Mwanjelwa, nani amefiwa, basi gani limeharibika mlima wa Kitonga. Mtu anayerudi nyumbani huleta nyumbani kitu, hata uvumi. Anayerudi mikono mitupu na mdomo mtupu kila siku amegeuza nyumba kuwa gesti.

4. *Chakula hakisifiwi wala hakikosolewi.* Unamwekea ugali na likolo (mboga za majani), anakula, ananawa, anaondoka. Unamwekea nyama, vilevile. Huku kwetu Juni na Julai baridi inawakusanya watu jikoni hata kama hawataki. Mume aliyekuwa akivuta kigoda karibu na moto akichochea kuni, sasa anapitiliza chumbani na koti lake. Anajinyima joto ili asikae na watu, na hilo lina sababu.

5. *Anakurushia kejeli mbele za watu.* Wapo wasionyamaza. Uchungu wao unatoka kwa mlango wa utani: mbele ya wageni anasema "huyu ndiye baba mwenye nyumba", mbele ya ndugu zake anasema "mimi hapa ni mpangaji tu". Watu wanacheka. Wewe usicheke, na usijibu hapohapo. Kariri maneno yake kama yalivyo. Ndani yake kuna lalamiko ambalo ameshindwa kulisema mkiwa wawili.

6. *Ameacha hata wenzake.* Hapa wanawake wengi tunakosea kinyume. Zamani Wanyakyusa walikuwa na vijiji vya rika: vijana wa umri mmoja walijenga pamoja, wakaoa na kuzeekea hapo. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima juu ya vijiji hivyo, kikatoka mwaka 1951. Wenyewe walikuwa na neno, *ukyangala*, raha ya kukaa na wenzio mkala na kuongea. Vijiji hivyo vimekwisha lakini tabia haijaisha. Mwanaume kukaa na wenzake jioni mara nyingi ni afya. Wasiwasi uanze anapowakwepa hao pia, anakunywa peke yake, hachangii tena kwenye harambee za rafiki zake. Ugonjwa wake hapo umevuka mipaka ya ndoa.

Dalili zinazodanganya

Simu. Kuipokea nje kunaweza kuwa mwanamke, lakini pia kunaweza kuwa mdai. Siku hizi wadai hupiga kuliko wapenzi.

Pesa kupungua. Kabla ya kuhesabu nyumba ndogo, hesabu bei ya mazao. Lumbesa ya viazi ikinunuliwa shambani kwa bei ya kutupa, mume wako hajahonga mtu, amenyonywa.

Ukarimu wa ghafla. Kitenge kisicho na sababu huwatia wake wengine hofu kuliko ugomvi. Wakati mwingine ni kitenge tu. Pokea, shukuru, shona.

Kutogusana kitandani nako kunadanganya, kwa sababu nitakazozieleza sasa.

Vyanzo vinne: mfuko, mwili, ukoo, na nyinyi wawili

Ukishaona dalili, ng'oa mmea uangalie mizizi. Pitia vyanzo hivi kwa mpangilio huu, na usirukie cha nne kabla ya kumaliza vitatu vya kwanza.

*Mfuko.* Msimu wa 2021 kuingia 2022 mbolea ilipanda hadi mfuko mmoja ukavuka shilingi laki moja, na serikali ikarudisha ruzuku kuanzia msimu wa 2022/2023. Katikati hapo wanaume wengi walikopa mahali pasipostahili. Mikopo ya riba kali iitwayo kausha damu inajulikana sana kwa kuwanasa wanawake, lakini wanaume nao wananaswa, na aibu yao ni kubwa zaidi, kwa sababu kila mtu amewaambia wao ndio kichwa cha nyumba. Mwanaume mwenye deni la siri hufanana kabisa na mwanaume mwenye mwanamke wa siri: simu nje, pesa hazionekani, hasira juu, usingizi hakuna. Ukiwatazama kwa nje huwezi kuwatofautisha.

*Mwili.* Kisukari, presha, baadhi ya dawa za presha, na pombe ya muda mrefu vyote hupunguza nguvu za kiume. Mume anayekugeuzia mgongo huenda anaogopa kujaribu akashindwa. Kwake ni afadhali umwone ana hasira kuliko umwone hawezi. Akipima sukari na presha kwenye kituo cha afya, huenda nusu ya fumbo likafumbuka.

Lingine ni VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4, lakini Njombe 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Mikoa yetu inaongoza. Mwanaume aliyepima peke yake akapewa majibu mazito anaweza kunyamaza miezi mingi akitafuta namna ya kukuambia. Nendeni mkapime pamoja, mkae chumba kimoja na mshauri, msikie majibu kwa wakati mmoja. Dawa zipo, hazilipiwi, na anayezitumia vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono.

Halafu kuna sonona. Kwa wanaume mara nyingi haiji na machozi. Inakuja na hasira, pombe, kichwa kuuma, kuamka saa tisa usiku na kukaa kitandani. Akianza kusema amechoka kuishi, kwamba mtakuwa salama bila yeye, au akigawa vitu vyake na kuaga watu, usiseme anatishia. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Usimwache peke yake, fungia sumu za shambani, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa zinapokea wagonjwa wa namna hii kama zinavyopokea wa malaria.

*Ukoo.* Mama yake mgonjwa kijijini, mdogo wake anadai ada, baba amefariki na shamba linagombewa. Mwanaume wa huku akiwa mkubwa wa familia anaitwa kwenye kila kikao na kila kikao kina mchango. Anarudi nyumbani akiwa ameshatoa alichonacho, anakuta na wewe una orodha. Kununa kwake huenda hakuelekezwi kwako, ila wewe ndiye uliye karibu.

*Nyinyi wawili.* Kama mfuko, mwili na ukoo havijibu, baki na ndoa yenyewe. Hapa malalamiko ya waume niliyoyasikia yanajirudia: kulinganishwa na mume wa jirani, siri za nyumba kumfikia shemeji kabla hazijapoa, kutoulizwa ushauri tangu mke aanze kuingiza pesa zake, kukosolewa mbele ya watoto, kitanda kutumika kama adhabu. Mengine ni ya haki, mengine ni kiburi chake tu. Hutajua yapi ni yapi mpaka uyasikie.

Namna ya kumuuliza

Wanaume wengi niliowaona wanaongea mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwingine. Ukimkalisha sebuleni ukasema "leo tuongee", umemwita mahakamani.

Mimi nilifanikiwa kwa bahati. Ilikuwa Julai 2022, tumeanika mahindi, jioni tunapukuchua wawili kwenye turubai, watoto wameenda dukani. Nilikuwa nimechoka kuchunguza. Nikamuuliza, macho yangu yakiwa kwenye gunzi: "Baba, kuna kitu nimekukosea?"

Hakujibu. Alipukuchua gunzi la kwanza, akalitupa. La pili. Nikataka kuongeza maneno, nikajizuia kwa kuuma ulimi kabisa. Gunzi la tatu alilishika halijaisha, akasema: "Wewe hujakosa. Nimekopa."

Kisha yakatoka yote. Desemba mbolea ilimshinda, akachukua kausha damu akiweka kadi ya pikipiki. Alikuwa akilipa riba kila wiki, deni lenyewe halishuki. Simu za nje zilikuwa za yule mdai. Alikuwa haniangalii asubuhi kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, "Nikikuuliza umelalaje, na wewe utaniuliza."

Kutokana na jioni ile na nyingine za wenzangu, chukua haya:

Chagua kazi ya mikono: kupukuchua, kupalilia, kupanga viazi kwa ukubwa, kufunga kuku. Au tembeeni kwa miguu kwenda shambani.

Usiulize akiwa amekunywa, siku ya kulipa ada, mbele ya mtoto yeyote, wala mkiwa kitandani. Kitandani mtu akikasirika hana pa kwenda.

Uliza swali moja, fupi, lisilo na shutuma. "Kuna kitu nimekukosea?" linafaa. "Nimeona siku hizi huketi jikoni, nimekukumbuka pale" linafaa zaidi. "Una nini wewe siku hizi?" halifai, kwa Kiswahili cha nyumbani hilo ni tusi. Na usianze na "watu wanasema".

Ukishauliza, nyamaza. Hesabu magunzi. Ukimya wa mwanaume anayetafuta maneno ni mrefu kuliko uvumilivu wa mke, na wengi tunaukata pale hasa alipokuwa anakaribia kufungua mdomo.

Asipojibu siku hiyo, usimfuate na swali lilelile kesho. Subiri wiki, badilisha kazi, uliza tena.

Akisema ni wewe

Hapa ndipo pagumu. Umeuliza mwenyewe, na sasa anakuambia: unanidharau, dada yako anaitawala nyumba hii, tangu umeanza biashara mimi si kitu.

Usijibu kwa orodha yako. Unayo, naijua, na huenda ni ndefu kuliko yake. Itakuwa na siku yake. Leo rudia maneno yake kwa sauti yako: "Kwa hiyo uliona nilipomwita fundi bila kukuambia nimekudharau?" Akisema ndiyo, umeshapata kitu kimoja mnachoweza kukirekebisha. Chukua hicho kimoja. Kama ni cha kweli, omba msamaha kwa tendo lenyewe, si kwa jumla. "Nisamehe kwa yote" ni njia ya kufunga mazungumzo.

Lakini kusikiliza si kubeba kila kitu. Kama lalamiko lake ni kwamba unafanya kazi, kwamba una pesa yako, kwamba hujazaa mtoto wa kiume, hilo si kosa lako la kuombea radhi. Mwambie kwa upole na kwa uwazi. Raha ya mume isiyopatikana mpaka wewe upungue haitadumu hata ukipungua.

Na kama kweli kuna mwanamke mwingine, sasa umelijua kutoka kinywani mwake badala ya shati lake, na mnaweza kuongea kama watu wazima. Kinga na vipimo vije kwanza, machozi na vikao vifuate.

Wa kumpelekea habari, na wa kumwepuka

Mkishindwa wawili, mtafute mtu wa tatu, na umchague vizuri.

Mshenga wenu bado ana kazi. Hakumaliza siku mahari ilipopokelewa. Yeye anazijua pande zote mbili na mume hawezi kumwona mgeni.

Kwa baba mkwe, angalia mila. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana hakukutana na baba mkwe uso kwa uso, alipita njia nyingine. Wengi leo hawashiki hivyo, lakini heshima ile imebaki, na mkamwana anayemshtakia mzee moja kwa moja anaweza kushinda kesi akapoteza ukoo. Pita kwa shangazi au kwa mshenga.

Wifi, mama mkwe, kaka zako na wenzako wa kikoba wawe wa mwisho, si wa kwanza. Nyinyi mtapatana, wao watakumbuka. Kaka yako aliyesikia kwamba shemeji ni mhuni hatasikia siku mlipopatana.

Kiongozi wa dini anafaa kama anajua kutunza siri. Kanisa la Moravian, KKKT, Katoliki, BAKWATA, wote huku kwetu wana watu wanaosuluhisha ndoa. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri nayo ipo kwa kazi hiyo, na ni ya serikali.

Ikifika mbali, fahamu sheria ilivyo. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwa kawaida mahakama haipokei shauri la talaka mpaka Baraza la Usuluhishi wa Ndoa likae na nyinyi na kutoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Ndoa isiyofikisha miaka miwili haifunguliwi shauri la talaka bila ruhusa maalumu ya mahakama. Nyumba mnayoishi kama mke na mume haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Akikuletea karatasi ya kusaini, isome, au mpe mtu akusomee. Na kama umekaa nyumbani miaka yote ukipika na kulea, usidanganywe kwamba huna chako. Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa.

Sheria hiyohiyo, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Mume asiye na raha anastahili kusikilizwa. Mume anayepiga anastahili kuripotiwa, na vituo vikubwa vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Akianza kukupiga, mwongozo huu wa kupukuchua na kusubiri haukuhusu tena. Ondoka na watoto kwanza, maswali baadaye.

Neno kwa mume atakayeokota ukurasa huu

Baba, mke wako si mganga wa ramli. Ukinyamaza miezi sita atajaza ukimya huo kwa hadithi, na hadithi atakayotunga itakuwa mbaya kuliko ukweli wako. Huhitaji hotuba. Sema neno moja, kama lile alilosema wangu: "Nimekopa." "Naumwa." "Nimechoka." Mengine yatafuata.

Deni lililobaki

Sisi tuliuza mahindi mapema kuliko tulivyopanga, tukaongeza pesa za kikoba changu, tukaikomboa kadi ya pikipiki. Riba iliyobaki tuliimaliza kwa viazi vya msimu uliofuata. Deni la kausha damu likaisha.

Langu la maneno lilikuwa bado. Nilichukua kuku jike, nikapanda daladala hadi Tukuyu, nikaingia kwa mama mkwe na kumweleza kwamba yale niliyoyasema juu ya mwanawe hayakuwa kweli. Alinisikiliza hadi mwisho. Akampokea kuku, akamfunga mguu kwenye mgomba, akauliza kama nimekula. Juu ya lile jambo hakusema neno, na mpaka leo, kila mume wangu akichelewa kumpigia simu mama yake, mimi ndiye ninayeulizwa: "Leo yuko wapi?"

Namjibu yuko nyumbani. Halafu nampa simu aongee naye.